Makabidhiano ya Matunzo

Mzee akitolewa Todonyang kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Turkana mjini Lodwar, kila anayehusika husema amepewa rufaa. Neno hilo linamfaa kijana aliyevunjika mguu, maana anakwenda kutibiwa na kurudi. Halimfai mtu wa miaka 75 aliyepooza upande mmoja, ambaye akitoka wodini atahitaji wa kumlisha, kumgeuza na kumwogesha maisha yake yote yaliyobaki. Rufaa, kama inavyosemwa kila siku, hupanda tu, kutoka zahanati hadi hospitali, kama kesi inavyopanda kutoka mahakama ya chini. Habari za kushuka haina.

Wauguzi na maafisa wa ustawi wa jamii wana dhana pana zaidi: kipindi chote ambacho mtu anayetegemea matunzo hutoka kwa watunzaji hawa na kuingia kwa wengine, pamoja na dawa zake, taarifa zake na mazoea yake. Tafsiri ya jina lake la Kiingereza inayokuja haraka ni mpito wa matunzo. Siipendi. Mpito tumeuzoea katika serikali ya mpito. Unaeleza kwamba hali inabadilika bila kumtaja anayewajibika. Napendekeza makabidhiano ya matunzo. Wauguzi wa zamu ya usiku na wa asubuhi hukabidhiana wagonjwa kila siku, na chifu anayehamishwa hukabidhi ofisi. Kukabidhiana kunadai watu wawili, mtoaji na mpokeaji. Akikosekana wa pili, mzee ametelekezwa, hata kama fomu zote zimejazwa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, nayo inataja pande mbili: wazee wana haki ya kutunzwa na familia zao na Serikali.

Vitabu vya ughaibuni hudhani mzee anatoka hospitali kuingia makao ya wazee. Kenya makao hayo ni machache, kama Nyumba ya Wazee kule Kasarani, Nairobi. Turkana, mahali pa matunzo ya muda mrefu ni awi, yaani boma la familia. Ukame ukizidi, vijana huondoka na mifugo katika makundi ya malisho yanayoitwa adakar, na wazee hubaki na watoto karibu na maji. Kwa hiyo mzee huyu amekabidhiwa mara nyingi kabla hajaona wodi. Baadaye atapelekwa kwa binti yake Lodwar, au kwa jamaa mjini Kakuma. Jirani hapo, katika kambi iliyofunguliwa 1992, wamo wazee waliovuka mipaka wakikimbia vita, na baadhi yao wamehamishwa tena hadi Marekani au Kanada.

Mwaka huohuo wa 1992, shirika la wauguzi la NANDA huko Marekani liliingiza katika orodha yake ya utambuzi wa kiuguzi hali ninayoiita fadhaa ya kuhamishwa. Mtu hukosa usingizi, hukataa chakula, hujitenga, huchanganyikiwa. Inaumiza kusikia hayo yote yakiitwa uzee. Mzee asiyejua lugha nyingine ila Kiturkana, aliyelazwa kati ya watu wanaosemeshana Kiswahili, anaweza kunyamaza siku nzima, na mtu akaandika kwamba akili imepotea.

Ndiyo maana makabidhiano lazima yahusu vitu vidogo pia. Mwanamume wa Kiturkana hutembea na ekicholong, kigoda kidogo cha mbao anachokalia mchana na kulalia kichwa usiku. Kikiachwa nyumbani, mto wa hospitali hauzibi pengo lake. Shanga za mama mzee zikivuliwa shingoni kwa ajili ya matibabu, ijulikane nani amezipokea na lini atazirudisha.

Kisha kuna fedha. Mpango wa Serikali wa Inua Jamii humpa mzee shilingi 2,000 kwa mwezi. Aliyesajiliwa kumpokelea anaweza kuwa amebaki Todonyang wakati mzee na kitambulisho chake wako Lodwar. Anayemlisha sasa hana uwezo wa kuzichukua, na mwenye uwezo huo hamlishi.

Safari ya kurudi ndiyo ngumu kuliko zote. Ambulensi ilikuja kumchukua. Ya kumrudisha ni nadra. Mvua ikinyesha, laga, yaani mikondo ya maji ya msimu, zinajaa na kukata barabara. Todonyang iko mpakani na Ethiopia, na shambulio kama lililotokea hapo Mei 2011 linaweza kufanya familia ihame kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka. Fomu ya ruhusa huandika jina la kijiji, ilhali kinachotakiwa ni mahali awi ilipo wiki hii na jina la mtu atakayesimama barabarani kumpokea. Hayo chifu anayajua, na mhudumu wa afya ya jamii anayajua. Muuguzi awapigie simu kabla ya kutia sahihi, na jina hilo liandikwe kwenye fomu, chini ya dawa.