The (neno la Kiingereza)

The ni kibainishi cha Kiingereza kinachotangulia nomino kuonyesha kwamba kitu kinachotajwa kinajulikana kwa msemaji na msikilizaji. Ndilo neno linalotumika zaidi katika lugha hiyo.

Halibadiliki katika umoja wala wingi: *the book* ni kitabu kinachojulikana, *the books* ni vitabu vinavyojulikana. Hutangulia pia vitu vya pekee, kama *the sun*, yaani jua, na majina ya mito na bahari, kama *the Nile*. Majina ya watu na ya nchi nyingi hayalihitaji.

Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa na maumbo mengi yaliyofuata jinsia, idadi na uhusika.

Kiswahili hakina kibainishi cha aina hiyo. Maana yake hutokana na muktadha, vionyeshi kama "kile", au kiambishi cha mtendwa: "nimekiona kitabu".