Kiwanja, Bomba na Mtaro: Morogoro Ilivyopanga Makazi

Maji ya Bwawa la Mindu hayafiki jikoni kwa mtu moja kwa moja. Hupitia kwanza Mafiga, kwenye mitambo ya kuyasafisha, ndipo yasambazwe mjini. Bwawa lilijengwa miaka ya 1980 kwenye Mto Ngerengere, unaolishwa na vijito vya milima ya Uluguru. Kwa hiyo anayejenga mlimani, hata kama hajui, anajenga juu ya bomba la mwenzake wa bondeni.

Baada ya Uhuru serikali haikuitazama nyumba ya udongo kwa jicho la huruma. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na kazi yake mojawapo ikawa kubomoa vibanda na kujenga nyumba bora mahali pake. Hesabu haikulipa: sehemu kubwa ya nyumba mpya ilifidia tu zile zilizobomolewa, na foleni ya wasio na makazi ikazidi kurefuka.

Mwaka 1974 njia ikabadilika. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya zilianza kupima viwanja na kuvipelekea huduma. Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 1977, ikaifikia Morogoro, pamoja na Tanga, Tabora na Iringa. Makubaliano yalikuwa mepesi kueleweka: serikali ichore barabara, ichimbe mitaro na kuvuta maji, mwananchi ajenge mwenyewe, Benki ya Nyumba ikimkopesha. Hiyo ilikuwa busara kubwa. Iliheshimu namna Mswahili anavyojenga tangu zamani: vyumba viwili mwaka huu, bati mwakani, na ua Mungu akijalia.

Ila viwanja vingi viliishia mikononi mwa wenye mishahara. Ada za huduma hazikukusanywa ipasavyo, na mfadhili alipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, mradi ukafifia.

Miaka hiyohiyo, Mazimbu, hapohapo Morogoro, kwenye shamba la mkonge lililoachwa, wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini walikuwa wakijenga shule yao ya Solomon Mahlangu. Walianza mwaka 1978, na hawakuishia kwenye madarasa: kulikuwa na nyumba za kuishi, hospitali, karakana na shamba la kulisha jumuiya. Mwaka 1992 waliikabidhi Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Majengo yale bado yanatumika kwa sababu huduma zilipangwa pamoja na kuta.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 315,866 katika Manispaa ya Morogoro; ya 2022 ikahesabu 471,409. Ni ongezeko la watu zaidi ya 155,000 katika miaka kumi. Wengi hawakusubiri kupimiwa, wala huwezi kuwalaumu. Sasa urasimishaji unakuja nyuma yao: bikoni zinachimbiwa nyumba zikiwa zimeshasimama, na barabara inapewa upenyo uliobaki kati ya kuta mbili. Mtaro unakosa pa kupita.

Mto nao una mpaka wake: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au bwawa. Udongo unaoporomoka huko mlimani huishia Mindu, na gharama ya kuyasafisha maji yake hulipwa na kila mwenye bomba. Halmashauri ipime viwanja kabla madalali hawajafika, na wewe unayetaka kununua, pima hizo mita 60 kwa kamba yako kabla ya kutoa hata shilingi.