Umefikia kwa Nani? Nyayo za Sungusungu kutoka Kahama hadi Mwakitolyo

"Umefikia kwa nani?" Mzee aliniuliza kabla hajaupokea mkono wangu, chini ya mwembe, katika kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Kahama. Nilipomtajia mwenyeji wangu, uso wake ulikunjuka, nikaletewa kigoda. Nilikwenda kuitafuta asili ya sungusungu, walinzi wa vijiji, kisha niifuate barabara ya Bulige hadi Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu. Sikujua bado kwamba swali lile la mwembeni ndilo nililokuwa nikilitafuta.

Katika miaka ya 1970 Usukuma ulipitia majonzi mazito. Bibi vikongwe waliuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoumizwa na moshi wa miaka mingi jikoni. Serikali ikaendesha msako mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na watu waliokamatwa wakateswa, baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kubeba dhamana ya kosa lililotendwa na walio chini yake. Mwanakijiji akabaki katikati: mhalifu anamtisha, na askari naye anamtisha.

Kisha vikaja Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Vita vilipokwisha, silaha zilizagaa. Wezi wa ng'ombe waliozoea kunyata sasa walikuja na bunduki, wakaondoka na zizi zima. Kwa Msukuma, ng'ombe ni mahari, ni karo, ni akiba ya mwaka wa njaa. Zizi likiwa tupu, ukoo mzima umefilisika.

Kati ya 1981 na 1982, mpakani mwa Kahama na Tabora, wanavijiji walijipanga. Walijiita Basalama, watu wa amani, lakini jina lililoenea ni sungusungu, wale wadudu weusi waendao kwa msururu: ukimkanyaga mmoja, wote wanakuvamia. Kiongozi wao aliitwa ntemi. Serikali ilikuwa imefuta utemi mwaka 1963, na miaka isiyotimia 20 baadaye watu walilirudia jina lile kwa kazi mpya. Silaha zao zilikuwa upinde, mishale na filimbi.

Mzee wangu alisimama kunionyesha. Alikinga mkono mdomoni akapiga mwano, yowe la hatari, kwa sauti ndogo asije akakusanya watu bure. "Ukisikia, mwanangu, humuulizi mkeo ruhusa. Unachukua upinde, unakimbilia njia panda." Kijiji cha jirani nacho kilipokea yowe na kulipeleka mbele, mpaka mwizi anakuta njia zote zina watu. Asubuhi vijana waliinama kusoma kwato: hizi za jana, umande umezilainisha kingo, hizi za usiku huu, kingo bado kali. Asiyeitikia yowe alitozwa faini. Aliyekaidi alitengwa: haazimwi moto, hachotewi maji, salamu yake haiitikiwi.

Viongozi wa chama tawala waliwaunga mkono. Polisi na mahakama waliwatazama kwa mashaka, na mashaka yale yalikuwa na haki yake. Watuhumiwa walipigwa, na katika vijiji vingine bibi waliodhaniwa wachawi walifukuzwa na walewale waliojiita watu wa amani. Niliposema hayo, mzee aliinamisha kichwa, akanyamaza kitambo. "Tulikosea pale," alisema. Namheshimu kwa jibu hilo kuliko kwa hadithi zake zote za mishale.

Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ikawatambua sungusungu. Augustine Mrema alipokuwa waziri wa Mambo ya Ndani, miaka ya mwanzo ya 1990, alihimiza hata mitaa ya mijini iwe na sungusungu wake. Baadaye ikaja polisi jamii, na ulinzi shirikishi. Majina yamebadilika, lakini mzizi ni ule wa Kahama.

Nilifika Mwakitolyo jioni. Karasha zilikuwa zinasaga mawe, vumbi jeupe limetanda juu ya mabanda, pikipiki zinapishana na viroba. Katika njia ya maduka nilisikia lafudhi za Mwanza, Mara, Kigoma na Tabora. Nilipita kutoka mwanzo wa kijiji hadi mwisho, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimefikia kwa nani.

Hapo ndipo nilipoona kwa nini elimu ya mzee inapata shida machimboni. Ng'ombe huacha nyayo na ana alama ya mwenyewe. Dhahabu haina kwato. Jiwe likishasagwa, likaoshwa kwenye mwalo, zebaki ikakamata na moto ukachoma, kinabaki kipande kidogo kinachopotelea kiganjani, na hakisemi kimetoka duara la nani, shimo la nani. Ndiyo maana naona lilikuwa jambo jema serikali ilipoanza kufungua masoko ya madini mwaka 2019, la Geita likiwa la mwanzo. Mchimbaji akiuza mchana, kwenye mizani ya wazi, habebi hatari yake gizani. Lakini soko halimlindi mama lishe anayefunga banda saa nne usiku.

Asubuhi nilisimama kando ya duara moja. Kijana aliketi juu ya kiroba, daftari la shule mapajani. Kila aliyeshuka alitaja jina lake na kwao, kijana akaandika. Kila aliyepanda alikatiwa mstari. Nikamuuliza kwa nini anahangaika hivyo. "Matimba yanayoshikilia shimo yakivunjika, kaka, lazima tujue nani yuko chini, na tumpigie nani simu."

Sungusungu waliilinda Kahama kwa sababu kila mtu alikuwa na mtu wa kumuulizia. Pale walipoacha kumwona bibi kizee kama mtu wao, ulinzi wao ukageuka dhuluma. Mwakitolyo haihitaji mishale. Inahitaji daftari lile lipande juu ya ardhi, lifike kwenye mabanda na nyumba za kulala wageni, likiandikwa na mtu anayemtakia heri mwenye jina.

Kabla sijaondoka, kijana alinyanyua kalamu. "Na wewe, kaka, umefikia kwa nani?"