Rejeta ya Ford Katika Ndege ya Nyororo

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayenisoma ukiwa umesimama kwenye foleni ya basi, leo tuiache siasa ipumzike kidogo tuzungumze juu ya ndege ndogo. Sisemi yale madude makubwa yanayobeba mahujaji. Nasema ile ndege ya injini moja, ya watu wanne au watano, ambayo mwenye nafasi yake anaweza kuipiga kofi ubavuni akasema: hii ni yangu. Wako watu wa namna hiyo hata hapa Afrika Mashariki, na wengi wetu tukiwaona tunadhani kazi imekwisha siku walipolipa fedha.

Mzee mmoja wa kisiwa cha Juani, huko Mafia, aliwahi kuniuliza swali ambalo halijanitoka. Tulikuwa tunasubiri maji yajae ili dau lituvushe Ghuba ya Chole kwenda Utende. Akaniambia, "Mwanangu, hivi kandege kale kanakotua Kilindoni ni bei gani? Kijiji kizima tukichangishana, hatukapati?" Usicheke. Mgonjwa wa Juani akizidiwa usiku, safari yake ya kwenda Dar es Salaam huanza kwa kuyangoja maji, kisha kuvuka, kisha kutafuta gari la kilomita kama 15 mpaka Kilindoni, ndipo ifikiriwe ndege au boti. Mtu aliyeona hayo kwa macho yake ana haki ya kuuliza bei ya ndege.

Na jibu lake liko pale pale Mafia, katika historia. Miongoni mwa ndege za kwanza kuruka katika anga la nchi hii ni zile zilizofanya kazi katika maji ya Mafia mwaka 1914 na 1915, na kila taabu anayoipata mwenye ndege ndogo leo iliwapata wale waliozileta.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani walikuwa na manowari moja ya maana katika pwani hii, jina lake Königsberg, nahodha wake Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Zanzibar alfajiri ikaipiga na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imefunga nanga ikitengenezwa. Kisha ikatoweka. Waingereza waliitafuta mpaka tarehe 30 Oktoba, walipoigundua imejificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, mahali ambapo meli zao kubwa hazikuweza kufika. Walijaribu kuziba mlango mmoja kwa kuizamisha humo meli ya makaa iitwayo Newbridge, lakini Rufiji ina milango mingi. Ikabaki kuitazama Königsberg kutoka juu, na wao ndege hawakuwa nayo.

Hapo ndipo alipoingia raia mmoja, rubani H. Dennis Cutler. Alikuwa Durban, Afrika Kusini, na ndege za Curtiss za aina inayotua majini, zenye tumbo kama la mashua. Zilikuwa ndege za kiraia, za kutembezea watu na kushangaza watazamaji. Kwa lugha ya leo tungesema ndege za starehe. Jeshi la Wanamaji likampa cheo, likampakia yeye na ndege katika meli Kinfauns Castle, likamshusha katika kisiwa kidogo cha Nyororo, katika maji ya Mafia. Ilikuwa Novemba 1914. Nyororo hakuna karakana, hakuna banda, hakuna fundi wa kumwazima hata bisibisi.

Mara ya kwanza aliporuka hakuwa na dira ya kufaa, akapotea. Mafuta yakamwishia, akalazimika kutua karibu na kisiwa cha Okuza, upande wa kusini, na meli ikatumwa kumtafuta. Mara nyingine rejeta ikaanza kuvuja. Ndugu msikilizaji, rejeta ya ndege utaipata wapi Nyororo? Walikwenda mpaka Mombasa, wakapata rejeta ya gari la Ford, wakaifunga, na ndege ikaruka. Cutler akaiona Königsberg kwa macho yake. Aliporudi, tumbo la ndege likaharibika katika kutua, ikabidi ivunjwe ndege ya pili ili ya kwanza ipone. Wale wenye daladala wananielewa vizuri hapa: gari moja barabarani, moja juu ya mawe linatoa vipuri.

Desemba hiyo hiyo injini ilimzimikia juu ya delta, akashuka mtoni, Wajerumani wakamteka. Waingereza waliingia chini ya risasi wakaivuta ndege kwa kamba wakaondoka nayo. Rubani alibaki mateka, ndege ikarudi kwa mwenyewe. Wanajeshi nao wana hesabu zao.

Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia yote ili iwe kituo cha kuishambulia manowari ile. Watu wa Mafia kwa kubadilishiwa bendera walikuwa wameshazoea. Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya waliwahamisha kutoka kwa Sultani wa Zanzibar kwenda kwa Mjerumani, na Sultani akalipwa marki milioni 4 kwa Mafia pamoja na ukanda wa pwani ya bara. Na nyuma zaidi, mwanzoni mwa karne ya 19, Wasakalava kutoka Bukini walikuja na mitumbwi yao wakauteketeza mji wa Kua, pale Juani, ambao magofu yake ya misikiti na nyumba za mawe yangali yamesimama kati ya mibuyu. Kisiwa hiki kila msiba kimeuona ukija kwa njia ya bahari. Mwaka 1915 ukaja na wa angani.

Februari zikaletwa ndege mbili mpya za Sopwith, chini ya rubani John Cull. Hizi zilikuwa za kijeshi, zimetoka kiwandani Uingereza. Zilishindwa vibaya kuliko ile ya raia. Zikipakiwa mabomu na mtu wa pili, haziondoki majini. Zikipunguziwa mzigo, zinaondoka kwa shida na hazifiki juu. Gundi iliyoshikamanisha mbao za panga boi ikalainika kwa joto na unyevu, mbao zikaanza kuachana. Aprili zikaja nyingine tatu za Short. Zilifaulu kuruka na hata kupiga picha za manowari, lakini zilitambaa chini ya futi 1,000, mahali ambapo askari mwenye bunduki anaweza kukuhesabu vifungo vya koti.

Kwa nini? Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana hili ndilo linaloua marubani wa ndege ndogo mpaka leo. Hewa ya joto ni nyepesi. Bawa linapata nguvu kwa kuikanyaga hewa, panga boi linavuta kwa kuikamata hewa, na injini inaungua kwa kuivuta hewa. Hewa ikiwa nyepesi, vyote vitatu vinadhoofika kwa pamoja. Wataalamu wa urubani wana hesabu yao: kipimo cha kawaida cha usawa wa bahari ni nyuzi 15 za Selsiasi, na kila nyuzi moja inayozidi ni sawa na kuipandisha ndege futi kama 120. Mafia adhuhuri ikifika nyuzi 32, ndege iliyokaa ufukweni inajiona iko futi 2,000 mlimani, na unyevu unaongeza kidogo. Ndege ya mwaka 1915 haikuwa na nguvu ya akiba ya kupoteza. Halafu ile inayotua majini lazima kwanza ijinasue katika maji, na maji yakitulia kama kioo yanaing'ang'ania. Tembo mdogo hakosi kulewesha, na mzigo mdogo haukosi kuelemea: mwenye ndege ndogo huchagua kati ya abiria, mizigo na mafuta, na mara nyingi hapati vyote vitatu.

Dawa ilipatikana Juni 1915. Ziliwasili ndege za magurudumu, Henri Farman mbili na Caudron mbili, na uwanja ukasafishwa Mafia kwenyewe. Zilikuwa hazina tena mzigo wa vyelezo. Wakati huo zilikwisha fika meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizokuwa na uwezo wa kupenya mtoni. Kazi ya ndege ikawa kuangalia mizinga inaanguka wapi na kuwaambia wapigaji kwa simu ya upepo, herufi chache za Morse kila mara.

Tarehe 6 Julai walijaribu, wakarudi wameumia. Tarehe 11 wakaingia tena. Cull alikuwa anaendesha Farman, na Harwood Arnold ndiye aliyekuwa akipeleka ishara. Ndege ikapigwa, injini ikazima. Walipokuwa wanateremka kuelekea mtoni, Arnold aliendelea kupeleka masahihisho ya mizinga, maana sasa ilikuwa inaipata manowari. Wakaangukia mtoni karibu na Mersey, ndege ikabinuka, wote wawili wakaokolewa. Mchana huo Königsberg ikawaka moto, na Looff akaamuru mabaharia wake waizamishe wenyewe.

Mizinga yake 10 mikubwa Wajerumani waliitoa matopeni, ikakokotwa na watu mpaka Dar es Salaam, ikapigana nchi kavu. Mmoja ungalipo Mombasa, Fort Jesus. Hao waliokokota walikuwa watu wetu, na majina yao hayakuandikwa popote kama yalivyoandikwa ya Cutler, Cull na Arnold. Unapopita Kariakoo kumbuka kuwa jina lile limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyo hivyo, upande wa Waingereza.

Vita vilipokwisha, ndege ndogo zikageuka kuwa chombo cha wenye uwezo. Nairobi ilipata klabu yake ya urubani mwaka 1927, na mwaka 1929 mama mmoja, Florence Kerr Wilson, akaanzisha Wilson Airways, ndilo jina la uwanja wa Wilson hadi leo. Lakini ajali haikuheshimu uwezo wa mtu. Denys Finch Hatton, mwindaji mashuhuri, alikufa Voi Mei 1931 mara tu baada ya ndege yake ndogo ya Gipsy Moth kuondoka ardhini.

Basi turudi kwenye bei. Ununuzi ndiyo mahari tu, ndoa haijaanza. Ndege lazima iandikishwe na kupewa cheti cha usalama. Hukaguliwa kila mwaka, na ile ya kibiashara hukaguliwa pia kila baada ya saa 100 za kuruka. Injini ya kawaida ya bastola hupewa na mtengenezaji umri wa kama saa 2,000, kisha hufumuliwa yote. Chumvi ya bahari hula alumini kimya kimya, hivyo ndege inayolala kisiwani inatakiwa kuoshwa kwa maji baridi, na kisiwa kama Juani kina maji baridi ya kuwatosha watu kwa taabu. Halafu mafuta. Zile ndege za abiria zinazotua Kilindoni, aina ya Caravan, hunywa mafuta jamii ya taa, sawa na ndege kubwa. Ndege ndogo ya bastola inataka petroli yake maalumu, ambayo si kila uwanja inauzwa.

Na bahari. Kutoka Mafia mpaka delta ya Rufiji ni kama kilomita 20. Ndege ndogo ikizimika injini huteleza umbali kama mara 9 ya kimo chake. Ukiwa futi 3,000, yaani mita 900 hivi, utateleza kilomita 8. Katikati ya mlango wa bahari unahitaji 10. Rubani mwenye akili hupanda mpaka futi 4,000 au zaidi kabla ya kuiacha nchi, na huvaa jaketi la kujiokolea akiwa bado ardhini, maana ndani ya ndege inayoanguka hakuna nafasi ya kuvaa.

Juani nayo ni mwamba wa matumbawe. Kuchonga humo njia ya kurukia ya mita mia kadhaa ni kazi ya tingatinga na baruti, na ikishakamilika itahitaji mtu wa kufukuza mbuzi kila siku. Kilindoni ipo, imewekwa lami, na ndege zinatua. Kinachokosekana ni zile saa za kungojea maji pale ghubani, na gari la kumpokea mgonjwa Utende usiku wa manane. Kwa sehemu ndogo ya fedha za ndege moja kuukuu, kijiji kinapata boti ya fiba isiyohitaji kina kirefu, yenye injini mbili za nje, na vipuri vyake vinauzwa Dar es Salaam, huna haja ya kwenda Mombasa kutafuta rejeta ya Ford. Mimi ningechangia hiyo.