Kodi na Kodi: Nani Anastahili Nyumba ya Bei Nafuu Kanda ya Dhahabu?

Najua nimepotea, test zilikuwa zimebana na bumu lilichelewa, kwa hiyo hata hela ya vocha ilikuwa ya kuwazia. Leo niwaletee kitu kilichonikaa kichwani tangu semina yetu ya historia ya miji. Mwalimu aliuliza swali dogo tu: serikali ikisema "nyumba ya mwenye kipato cha chini", hicho kipato anakipima nani, na kwa karatasi gani? Darasa zima kimya. Mimi natokea Shinyanga, nasomea ualimu, na wengi wetu tunaotoka kanda ile tunajua tutapangiwa Kahama, Msalala, Bukombe au Geita. Swali hili kwangu si la mtihani tu. Ni la wapi nitalala.

Kwanza tuanze na neno lenyewe. Kiswahili chetu kinaita vitu viwili kwa jina moja: unachompa mwenye nyumba ni kodi, na unachoipa serikali ni kodi. Kihistoria hilo halishangazi. Serikali ya Wajerumani ilianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya kijijini. Kabla ya hapo Usukumani nyumba haikuombwa kwa fomu. Kijana akioa anapewa eneo, basumba batale wanakusanya vijana wenzake, watu wanakata miti, wanaezeka, wanakula na kunywa, imeisha. Yaani mara ya kwanza serikali kuingia kwenye habari ya nyumba ya babu zetu, ilikuja kuihesabu ili ichukue, si kumjengea mtu.

Aliyekuja kujenga kwetu alikuwa mgodi. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, na palepale porini ukaota mji ndani ya uzio: hospitali, shule, maduka, uwanja wa ndege, na nyumba za wafanyakazi. Wazee wa kwetu wakiitaja Mwadui ya zamani sauti inabadilika, umeme na maji ya bomba wakati Shinyanga mjini watu wanabeba ndoo. Lakini nyumba ya mgodi haikuwa ya mwenye shida, ilikuwa ya mwenye kazi, na ukubwa wake ulifuata cheo, na enzi za mkoloni cheo kilifuata rangi. Kazi ikiisha, unarudisha ufunguo. Williamson mwenyewe alifariki Januari 1958, na mwaka huohuo mgodi ukauzwa nusu kwa De Beers, nusu kwa serikali ya kikoloni.

Baada ya Uhuru ndiyo likaja wazo kwamba mtu ana haki ya nyumba hata kama hana bosi wa kumpa. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1962, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kubomoa vibanda na kujenga nyumba za bei ya chini, sehemu kubwa Dar es Salaam. Kisha Azimio la Arusha mwaka 1967 likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Wahindi, akaundwa Msajili wa Majumba wa kuyasimamia. Msajili huyo ndiye aliyeunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Ghorofa moja chakavu kuukuu katikati ya mji linaweza kuwa na historia yote hiyo juu ya bati lake.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika, na naona watu wengi hawapajui. Tumewahi kuwa na nyumba za kujengwa kwa kodi maalumu! Benki ya Nyumba Tanzania ilianza mwaka 1973, na mwaka 1974 ukaundwa Mfuko wa Nyumba wa Wafanyakazi na Wakulima. Waajiri walitozwa asilimia 2 ya jumla ya mishahara waliyolipa, fedha zikaenda kwenye mikopo ya nyumba. Jina lenyewe lilikuwa zuri, wafanyakazi NA wakulima. Lakini jiulize mkulima wa pamba wa Kishapu angeweka dhamana gani. Kiwanja hakijapimwa, mshahara hana, mvua ndiyo mwajiri wake. Mkopo wa nyumba unamtambua mtu mwenye makaratasi, na mwenye makaratasi mara nyingi si yule wa chini kabisa. Miaka hiyohiyo kukawa na miradi ya viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwetu karibu kabisa ilikuwa Mwanza. Dar ndiyo ikazaa Sinza na Kijitonyama. Leo hii tafuta mwenye kipato cha chini anayenunua kiwanja Sinza, halafu uniambie. Benki yenyewe ya nyumba ikafa mwaka 1995.

Ilipokufa, huku kwetu dhahabu ndiyo ilikuwa inaamka. Mgodi wa zamani wa Geita, uliochimbwa tangu miaka ya 1930, ulikuwa umefungwa mwaka 1966. Ukafunguliwa upya mwaka 2000. Bulyanhulu ikafuata mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009 (nayo ikafunga uzalishaji mwaka 2021). Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa, maana yake maofisa wa mkoa mzima nao wakahitaji pa kulala. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 1.7 mkoani humo, ya 2022 ikakuta karibu milioni 3. Nyumba haziongezeki kwa kasi hiyo jamani. Mama mdogo anafundisha sekondari huko, ananiambia: "Mwanangu, dalali wa hapa anakuangalia viatu kwanza. Akiona vumbi la mgodini anataja bei ya mgodini. Akiona vumbi la chaki anakuonea huruma kidogo, halafu anataja bei ileile." Na kodi ni ya miezi sita mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu. Umeme ukinunua, tangu 2021 na kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU humohumo. Kodi na kodi!

Shirika la Nyumba lilirudi kwenye nyumba za gharama nafuu kwa mpango wa kuanzia 2010, lengo likiwa nyumba 15,000 nchi nzima, na Geita wakajenga Bombambili. Ni nyumba nzuri, sibishi. Ila unafuu wake umekaa kwenye bei ya nyumba, haukukaa kwenye kipato cha mnunuzi, na juu ya bei kulikuwa na VAT ya asilimia 18. Tufanye hesabu ya mwalimu mpya. Chukua mshahara wa shilingi 100, ili tusitajiane mishahara. Bodi ya Mikopo inachukua 15, mfuko wa pensheni 5. Kanuni inataka theluthi moja ibaki, yaani 33 hivi. Zimebaki 46 na kitu, na hapo kodi ya mapato haijagusa, bima bado, chama bado. Benki ya kukukopesha nyumba inagombania hicho kilichobaki.

Wamarekani walifanya kinyume. Mwaka 1986, wakati wa Reagan, waliweka utaratibu ambao mjenzi anapunguziwa kodi ya serikali kwa miaka 10, na kwa sharti hilo anatenga vyumba kwa watu wa kipato cha chini: angalau asilimia 20 ya nyumba kwa walio chini ya nusu ya kipato cha kati cha eneo, au asilimia 40 kwa walio chini ya asilimia 60. Kodi ya mpangaji haizidi asilimia 30 ya kiwango hicho. Ukiomba unapeleka hati za mshahara, taarifa za benki, na kila mtu wa nyumba anahesabiwa. Foleni ni ndefu, New York wanapiga hadi bahati nasibu. Na nyie wenzangu wa hosteli msichangamke: kaya ya wanachuo watupu wa kutwa kwa kawaida haikubaliwi, ingawa waliooana wana upenyo.

Semina nzima iliupenda utaratibu huo. Mimi niliwauliza, Geita mtampima nani? Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu anaweza kupata mwezi mmoja mshahara wa mwalimu wa mwaka, na miezi mitano akakosa kabisa, na hakuna karatasi inayoonyesha chochote. Mwenye hati ya mshahara ni mwalimu na nesi. Ukiweka dari ya kipato leo, litamgonga kichwa mwalimu, na mwenye dhahabu mfukoni atapita chini yake akipiga mluzi. Labda kupima kwa orodha ya wakazi kuna mantiki zaidi. Magomeni Kota walifanya hivyo: nyumba za zamani zilivunjwa, familia 644 zikajulikana kwa majina, na maghorofa yalipozinduliwa Machi 2022 wenye kurudi walikuwa haohao, bila kuulizwa wanapata shilingi ngapi. Sasa orodha kama hiyo Geita, ambako nusu ya mtaa ilifika juzi na inaweza kuhamia rashi nyingine kesho kutwa, ianzie na nani?

Kazi ya semina naiwasilisha Jumatatu. Mlioko Kahama, Katoro na Runzewe, niambieni chumba kimoja kinaendaje huko kwenu na dalali anachukua kiasi gani, nahitaji mifano.