Stesheni ya Kigoma: Reli inapokutana na ziwa

Kwa zaidi ya karne moja, stesheni ya Kigoma, magharibi mwa Tanzania, imekuwa ikipokea abiria na shehena baada ya safari ya kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam.

Hapo ndipo Reli ya Kati inapokoma. Hata hivyo, kwa wafanyabiashara wengi wa Burundi na mashariki mwa Kongo, hapo ndipo njia ya kuelekea bahari ya Hindi inapoanza.

Kutoka misafara hadi garimoshi

Kabla ya reli, safari kati ya pwani na Ziwa Tanganyika ilifanywa kwa miguu. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliondoka Ujiji, ikapitia Tabora na kuishia Bagamoyo. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea kwa miezi kadhaa.

Utawala wa Kijerumani ulianza kujenga reli mjini Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwezi Februari mwaka 1914. Mjenzi alikuwa kampuni ya Philipp Holzmann, lakini kuchimba tuta, kulaza mataruma na kufunga reli kulifanywa na maelfu ya vibarua wa Kiafrika.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini reli haikuishia Ujiji, mji uliokuwa maarufu zaidi, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Jibu limo majini. Ufuko wa Ujiji uko wazi kwa upepo na mawimbi, ilhali Kigoma ina ghuba yenye kina, iliyokingwa na vilima. Tangu hapo Kigoma ikawa bandari kuu, na Ujiji ikabaki na historia yake.

Jengo na mpangilio wake

Stesheni ni jengo kubwa la ghorofa la enzi za Wajerumani, lenye safu ya matao upande wa mbele. Limesimama mahali ambapo mteremko wa mji unakutana na tambarare ya ufukweni.

Mbele yake inaanzia barabara kuu ya mji, iliyopewa jina la Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Barabara hiyo hupanda kilima kuelekea Mwanga na Ujiji. Bandari haiko mbali; abiria mwenye mzigo mwepesi huifikia kwa miguu.

Reli yenyewe haikomei kwenye jukwaa la abiria. Inaendelea hadi gatini, ili shehena ihamishwe moja kwa moja kati ya behewa na meli. Mpangilio huo ndio unaoeleza maana ya stesheni nzima: ilijengwa kwa ajili ya mji, na pia kwa ajili ya ziwa.

Meli iliyosafiri kwa treni

Mfano mashuhuri ni meli ya Graf von Götzen. Iliundwa mjini Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, kisha ikaletwa Kigoma kwa reli. Ilishushwa majini mwaka 1915, vita vikuu vya kwanza vikiwa vimekwisha kuanza.

Mwaka 1916, majeshi ya Ubelgiji yalipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba.

Mlango wa majirani

Baada ya vita, mkataba wa mwaka 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji uliipa Ubelgiji haki maalumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, kwa bidhaa za Kongo, Rwanda na Burundi. Ng'ambo ya ziwa, reli ya Kongo ilikuwa imefika Kalemie, wakati huo ikiitwa Albertville, tangu mwaka 1915.

Kwa hiyo kinachotokea mbali huonekana haraka Kigoma. Mafuriko ya Kilosa, mwishoni mwa mwaka 2009 na mapema mwaka 2010, yalibomoa reli na kukata mawasiliano na Dar es Salaam. Nayo mawese, dagaa na chumvi ya Uvinza, bidhaa zinazotoka upande huu, huhitaji njia ileile.

Reli mpya

Mwezi Desemba mwaka 2022 Tanzania ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma. Mwaka 2025 ulifuata mkataba wa reli kutoka Uvinza hadi Musongati, nchini Burundi.

Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na ya kisasa milimita 1,435. Behewa moja haliwezi kupita kote kuwili, hivyo kila mahali reli hizo zitakapokutana, shehena italazimika kuhamishwa.

Fundisho la mwaka 1914 halijapitwa na wakati. Kigoma ilistawi kwa sababu reli ilifika hadi majini. Treni yenye kasi itawanufaisha wakulima, wavuvi na wafanyabiashara wa pande zote za ziwa iwapo gati, meli na mabehewa vitafanya kazi pamoja, kama waliochora stesheni ya kale walivyokusudia.