Jahazi la kandambili kwenye ziwa la nchi tatu

Mjini Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, juala la plastiki ni bidhaa upande mmoja na kosa upande wa pili. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 28, 2017, na anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kufungwa hadi miaka 4. Uganda iliipitishia sheria tangu 2009, lakini kavera, kama mfuko huo unavyoitwa huko, halikutoweka sokoni. Basi mifuko ikawa inavushwa Busia na Malaba, mji mwingine wa mpakani, kwa njia za panya, imefichwa ndani ya mizigo mingine.

Kwa sababu hiyo, watu wa mpakani wana haki ya kuihesabu safari ya mwaka 2021 ya Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa lililozunguka Ziwa Victoria kudai sheria moja, kuwa sehemu ya historia yao.

Chombo hicho kilizaliwa Lamu. Mradi ulianza 2016, na fundi Ali Skanda na wenzake wakakiunda kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa. Iliyeyushwa, ikatengenezwa mbao, kisha mafundi wakaichonga kama wachongavyo mti: mkuku, mataruma, mbao za ubavuni. Juu yake wakabandika vipande vya kandambili zipatazo 30,000, buluu kando ya waridi, njano kando ya kijani. Kilishushwa majini Septemba 2018. Mapema 2019 kikatweka tanga kwenda Unguja, kilomita kama 500, kikitia nanga kwenye miji na vijiji vya pwani.

Sanaa yenyewe ilikuwa hapo, chombo kilipokutana na ufuo. Aliyesimama mchangani aliona rangi zile zikikaribia, na akiinamisha macho aliona kandambili nyingine zimetupwa na maji miguuni pake. Hakuna jumba la maonyesho linaloweza kumpa mtazamaji hilo.

Ziwa Victoria nalo limezoea vyombo vya kujionyesha. Mitumbwi ya visiwa vya Ssese, iliyoshonwa kwa nyuzi kama mtepe wa pwani, ilikuwa na omo iliyochomoza mbele, ikapambwa kwa pembe za swala na manyoya. Buganda iliitumia vitani na kwa fahari ya Kabaka.

Mwaka 2021 Flipflopi ilipelekwa Kisumu, ikazunguka ziwa kupitia Kenya, Uganda na Tanzania, kati ya mafunjo, gugumaji na wavuvi wa omena. Waandaaji waliitaka Jumuiya ya Afrika Mashariki itunge sheria moja dhidi ya plastiki ya kutumika mara moja. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku mifuko Juni 1, 2019, kwa kanuni zake yenyewe.

Hoja ya sheria moja inaeleweka vizuri ukisimama Sio Port, kaunti ya Busia. Hapo ndipo Mto Sio, ambao kwa sehemu ndio mpaka wenyewe, unaingia ziwani, na kinachotupwa ukingo wowote, wa Kenya au wa Uganda, hufikia maji yaleyale. Mto Malaba huelekea kwingine, Ziwa Kyoga, nao hupokea taka za pande zote mbili.